Mtu wa Nne: Jinsi Ligi ya Mbio za Nyika Inavyoendeshwa

Watu wengi wamekwisha kuona mbio za uwanjani, na kila mtu anaijua kanuni yake: atanguliaye ndiye mshindi, na wengine wote wameshindwa. Lakini uko mchezo wa mbio ambao ndani yake mtu aweza kuwatangulia wote na hali kundi lake limeshindwa. Na mwingine aweza kufika wa kumi na moja, akihema na magoti yamejaa vumbi, kumbe yeye ndiye aliyeleta kikombe nyumbani. Mchezo huo ni mbio za nyika. Mbio hizo zikifanywa mara kadha wa kadha katika msimu mmoja, na matokeo ya siku zote yakajumlishwa, huitwa ligi. Katika makala haya twataka kueleza jinsi ligi ya namna hiyo inavyoendeshwa, na jinsi inavyoweza kufaa katika Isiolo.

Twaandika hasa kwa ajili ya walimu, wazee na vijana wa huko, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba mbio ni kazi ya watu wa Iten na Eldoret, wala si ya watu wa nchi ya joto. Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake. Mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100 juu ya bahari, na Iten iko karibu mita 2,400. Na hewa nyepesi ya huko juu huuzoeza mwili wa mkimbiaji kufanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Lakini ligi haianzishwi kusudi apatikane bingwa wa dunia. Huanzishwa ili watu mia wakimbie mahali ambapo kwanza walikimbia watatu. Ikiwa bingwa yumo katika hao mia ataonekana, na ikiwa hayumo, watu mia wamekimbia.

ASILI YA MCHEZO

Mchezo huu ulianza katika shule za Uingereza karne ya 19. Wanafunzi wa shule za Shrewsbury na Rugby walikuwa na desturi ya kuigiza uwindaji. Wavulana wawili waliitwa sungura, wakatangulia huku wakidondosha vipande vya karatasi njiani. Na wenzao, walioitwa mbwa, wakawaandama kwa kuzifuata karatasi hizo, wakiruka vijito na kupenya katika nyua za mashamba. Mwaka 1868 watu wazima nao wakaunda chama chao karibu na London, wakakiita Thames Hare and Hounds, maana yake Sungura na Mbwa wa mto Thames, na chama hicho kiko hata leo.

Mwaka 1876 yalifanywa kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa Uingereza, katika msitu wa Epping. Wakimbiaji wote walipotea njia, na mbio zikabatilishwa. Hatuitaji habari hii kwa kucheka. Tangu siku ile mpaka leo, kazi ya kwanza ya mwenye kuandaa mbio za nyika ni kuitia njia alama, na kazi ya pili ni kwenda kuikagua tena asubuhi ya siku yenyewe, maana usiku ng'ombe hupita na watoto huokota kamba.

Huko Ulaya mbio za nyika ni mchezo wa majira ya baridi. Huanza Oktoba na kwisha Februari au Machi, wakati mashamba hayana mazao na wanariadha wametoka viwanjani. Mkimbiaji wa huko hukimbia katika tope na mvua, na mara nyingine katika theluji, na viatu vyake vina misumari ili asiteleze. Sisi hatuna majira kama hayo, na mtu aweza kuuliza kwa nini basi Kenya nayo hukimbia mbio hizi katika miezi hiyo hiyo. Jibu ni jepesi. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika, yaliyoanza kwa namna yake ya sasa mwaka 1973 huko Waregem, Ubelgiji, yalikuwa yakifanywa mwezi wa Machi kwa miaka mingi, na mwaka 2026 yalifanywa Januari huko Tallahassee, Marekani. Atakaye kwenda huko hana budi kuwa amekwisha kukimbia nyumbani tangu mvua za vuli. Hivyo tumeichukua kalenda ya baridi na kuitumia juani.

MAANA YA RIDHAA

Mchezo wa ridhaa ni ule ambao mtu hucheza kwa hiari yake bila kulipwa. Zamani riadha yote ilikuwa hivyo. Chama cha riadha ya ridhaa cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na Nyantika Maiyoro wa Kisii alipokwenda Vancouver mwaka 1954 akawa wa nne katika mbio za maili tatu, kisha akaenda Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba katika mita 5,000, hakwenda kutafuta fedha. Siku hizi mabingwa hulipwa, na neno ridhaa liliondolewa katika jina la shirikisho la riadha la dunia mwaka 2001. Lakini ligi za vyama vidogo zimebaki za ridhaa mahali pengi. Mwenye kushika saa halipwi, karani halipwi, na mkimbiaji ndiye atoaye ada ndogo kwa chama chake.

Katika Uingereza vyama kadha hujiunga pamoja na kupanga mikutano minne au mitano kwa msimu. Kila mkutano una chama mwenyeji, na wenyeji hubadilishana. Mwenyeji ndiye atafutaye shamba, aombaye ruhusa kwa mwenye ardhi, apigaye vigingi na kuwaweka wasimamizi penye kona. Baada ya mbio huwapa wageni chai na keki, na yasemekana kwamba vyama hukumbukana kwa keki kuliko kwa milima. Vyama vikiwa vingi hugawanywa katika madaraja. Vilivyo juu ya daraja la pili hupanda mwisho wa msimu, na vilivyo mkiani mwa daraja la kwanza hushuka. Kwa hiyo hata chama kisicho na tumaini la kikombe kina jambo la kupigania mpaka siku ya mwisho.

Katika Kenya mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Chama cha Athletics Kenya huandaa mikutano ya mbio za nyika mwisho wa juma, mara katika mji huu na mara katika ule. Machakos, Sotik na Ol Kalou zimekwisha kupokea mikutano hiyo. Kisha huja mashindano ya kaunti na ya mikoa ya riadha, na majeshi, polisi na magereza nao hufanya yao. Mwishoni ni mashindano ya taifa, ambayo kwa miaka mingi yalifanywa penye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, na ambayo hutumiwa kuchagua watakaovaa rangi za Kenya. Shule nazo zina ngazi zao, toka kanda hadi taifa. Ngazi hizi ni nzuri, ila zina upungufu mmoja: kila ngazi huwaacha wengi nyuma. Kijana akiwa wa ishirini katika kaunti yake, msimu wake umekwisha siku hiyo hiyo, na labda ni mwezi wa Januari tu. Ligi humrudisha baada ya majuma mawili.

JINSI YA KUHESABU

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nasi twamwomba msomaji achukue kalamu.

Kila mkimbiaji hupewa hesabu sawa na nafasi yake. Wa kwanza hupata 1, wa pili 2, wa thelathini 30. Kundi hujumlisha nafasi za watu wake wa mbele, na kundi lenye jumla ndogo kuliko zote ndilo lishindalo. Idadi ya watu wanaohesabiwa hutofautiana. Katika mashindano ya dunia siku hizi ni wanne. Zamani kwa wanaume walikuwa sita. Na ziko ligi za Uingereza zinazohesabu hata kumi. Sisi tushike wanne.

Tuseme basi kwamba kata nne zilizo karibu na mji wa Isiolo zimekutana Jumamosi moja: Wabera, Bulla Pesa, Burat na Ngare Mara. Wabera wana vijana wawili hodari sana, nao wanakuwa wa 1 na wa 2. Wenzao wawili wanakuja wa 12 na wa 17. Jumla yao ni 32. Bulla Pesa hawana hata mmoja katika wanne wa mbele. Watu wao wanne wa kwanza ni wa 5, wa 6, wa 9 na wa 11. Jumla yao ni 31. Bulla Pesa wameshinda kwa hesabu moja, na yule wa 11, ambaye hakuna mtazamaji aliyemtazama alipokuwa akipita, ndiye mtu wa nne aliyeileta.

Lakini hesabu haijaisha. Bulla Pesa walikuwa na watu sita, na hao wawili wa mwisho walikuja wa 13 na wa 15. Nafasi zao hazimo katika jumla ya 31. Je, walikimbia bure? Tuwaondoe tuone. Bila hao wawili, yule mtu wa Wabera aliyekuwa wa 17 angekuwa wa 15, na jumla ya Wabera ingekuwa 1 na 2 na 12 na 15, yaani 30. Wabera wangeshinda. Basi watu wawili ambao nafasi zao hazikuhesabiwa kabisa ndio walioamua mbio, kwa kuwa walisimama kati ya mpinzani na nafasi aliyoitaka. Mwalimu akiweza kuwaeleza watoto jambo hili moja, hatapata tena taabu ya kumtafuta wa tano na wa sita.

Tuje kwa Ngare Mara. Wao walileta vijana watatu, na watatu hao wakawa wa 4, wa 7 na wa 8. Jumla ya nafasi zao ni 19, nayo ni nzuri mno. Lakini ni watatu. Mwenzao wa nne hakuja. Kundi lisilotimia halihesabiwi, kwa hiyo Ngare Mara hawana kitu siku hiyo. Na kama huyo wa nne angekuja, akakimbia polepole, akatembea mlimani, akafika wa mwisho kabisa, wa 18, wangekuwa na jumla ya 37, nao wangeshika nafasi ya tatu mbele ya Burat, ambao watu wao walikuwa wa 3, wa 10, wa 14 na wa 16, jumla 43. (Hapa tumehesabu nafasi kama zilivyo. Ziko ligi zinazowaondoa kwanza watu wa kundi lisilotimia, kisha huhesabu upya. Njia zote mbili ni halali, mradi imeandikwa kabla ya msimu kuanza, wala si baada ya mtu kushindwa.)

Makundi mawili yakilingana, kanuni ya dunia husema kwamba lishinde lile ambalo mtu wake wa mwisho kuhesabiwa yuko mbele zaidi. Ni mtu wa nne tena.

Baada ya mkutano, kundi la kwanza hupewa alama za ligi, tuseme 4, la pili 3, la tatu 2, la nne 1, na lisilotimia halipati alama. Alama hizo hujumlishwa msimu mzima. Hivyo hata kundi lililoteleza siku moja laweza kujirekebisha, na lililoshinda siku ya kwanza haliwezi kulala.

USHAHIDI WA KENYA YENYEWE

Huenda mtu akasema kwamba hizi ni hesabu za karatasini. Basi na atazame historia. Kenya ilishinda kikombe cha makundi cha wanaume wakubwa katika mashindano ya dunia toka mwaka 1986 mpaka 2003, miaka 18 mfululizo. Majina ya John Ngugi, aliyeshinda mara tano, na Paul Tergat, aliyeshinda mara tano mfululizo toka 1995 mpaka 1999, na William Sigei, aliyeshinda 1993 na 1994, hujulikana na wengi. Lakini katika miaka hiyo 18 iko miaka sita ambayo aliyetangulia hakuwa Mkenya. Khalid Skah wa Moroko alishinda 1990 na 1991, Mohammed Mourhit wa Ubelgiji 2000 na 2001, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia 2002 na 2003. Katika kila mwaka wa miaka hiyo sita kikombe cha kundi kilikuja Kenya. Kililetwa na watu ambao majina yao leo watu hawayakumbuki upesi.

Na mambo yakapinduka. Mwaka 2013, huko Bydgoszcz, Poland, Japhet Korir wa Kenya alikuwa wa kwanza, lakini kundi la Ethiopia likashinda, la Marekani likawa la pili, na Kenya ya tatu. Kijana alipanda jukwaani peke yake. Kinyume cha hayo ni yale ya Kampala, Machi 2017, ambapo wanawake wa Kenya walichukua nafasi zote toka ya kwanza mpaka ya sita, Irene Cheptai akiwatangulia. Nafasi ya 1 na 2 na 3 na 4 jumla yake ni 10, na hakuna kundi duniani liwezalo kupata chini ya hapo.

Kuna habari nyingine inayofaa kukumbukwa na kila msimamizi. Mwaka 1981, mjini Madrid, wakimbiaji wa Ethiopia walikuwa mbele, wakadhani mzunguko wa mwisho umefika, wakatimua mbio kwa nguvu zao zote. Kumbe ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Craig Virgin wa Marekani ndiye aliyeshinda. Kundi la Ethiopia hata hivyo lilipata kikombe, lakini tangu kusoma habari hiyo sisi tumeamini kwamba kengele ya mzunguko wa mwisho ni chombo cha lazima, hata ikiwa ni kipande cha reli kilichofungwa mtini.

NJIA, JUA NA MIIBA

Kwa mashindano makubwa, mzunguko mmoja huwa na urefu wa mita 1,500 mpaka 2,000, na wakubwa, wanaume na wanawake, hukimbia kilomita 10. Vijana wa kiume walio chini ya miaka 20 hukimbia 8, na wasichana wa umri huo 6. Kwa ligi ya kata si lazima kufika huko. Kilomita 6 kwa wakubwa na 3 kwa watoto zatosha mwanzoni. Mzunguko mfupi una faida kubwa katika nchi kama Isiolo: mkimbiaji hupita mbele ya watu mara nyingi, hapotei, na akianguka huonekana.

Ardhi yenyewe ni njema kwa kazi hii. Upande wa kusini nchi hupanda kuelekea Mlima Kenya, na upande wa kaskazini ni tambarare mpaka mto Ewaso Nyiro. Mchanga wa laga huchosha miguu kama tope la Uingereza, na kwa hiyo si vibaya kuivusha njia katika laga kavu mara moja kwa kila mzunguko. Lakini kuvusha njia katika laga mwezi wa Novemba ni hatari, maana maji huja ghafula kutoka mlimani hata kama mvua haijanyesha hapo. Miiba ya migunga hukatwa na kufagiliwa siku mbili kabla, kwa kuwa wengi watakimbia miguu mitupu, na kanuni zinaruhusu. Mahali ambapo tembo hupita, watu wa wanyamapori huulizwa kwanza. Katika hifadhi ya Lewa, isiyo mbali na mji, watu wamekuwa wakikimbia mbio za marathoni tangu 2000 katikati ya wanyama, na walinzi huwekwa njia nzima. Basi jambo hilo lawezekana, ila halifanywi kwa kubahatisha.

Adui mkubwa ni jua. Mashindano ya dunia yalipofanywa Mombasa, Machi 2007, joto na unyevu viliwaangusha hata mabingwa. Kenenisa Bekele mwenyewe alitoka njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. (Kikombe cha kundi, kwa mara nyingine, kilikuwa cha Kenya.) Januari na Februari katika Isiolo ni miezi mikavu yenye joto kali. Kwa hiyo watoto waanze saa moja asubuhi, na wakubwa wawe wamemaliza kabla ya saa tatu. Maji yawekwe penye mstari wa mwisho na mahali pengine njiani, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama wa mwisho tu.

Siku ya kufaa ni Jumamosi. Ijumaa ni ya msikiti na Jumapili ni ya kanisa, na katika mji wenye Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hakuna njia nyingine ya haki. Kalenda hupangwa baada ya kutazama Ramadhani iko wapi, kwa kuwa hurudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka. Msichana atakaye kujifunika kichwa na miguu hazuiwi. Nguo iwe safi, ya heshima, na isimtatize kukimbia.

Makundi yaundwe kwa kata au kwa shule, wala si kwa kabila. Twasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu wa Isiolo anaijua, naye amewahi kuona malisho na visima vikigombaniwa. Ya pili ni ya hesabu tu: kundi linalohitaji mtu wa nne haliwezi kumkataa aliye tayari kukimbia.

Ziko kata ambazo ziko mbali sana. Kutoka mjini mpaka Garbatulla ni zaidi ya kilomita 100, na Merti ni mbali kuliko hapo. Hatuwezi kuwaita watoto wa huko kila majuma mawili. Kwa hiyo ni afadhali kuwa na duara tatu au nne: kata za mji na jirani zake, Kinna, Garbatulla na Sericho, Chari na Cherab za upande wa Merti, na Oldonyiro peke yake, ambao shule zake zitashindana zenyewe kwa zenyewe. Kila duara liwe na mikutano yake mitatu, kisha wote wakutane mara moja mwisho wa msimu. Gari moja la safari moja hupatikana. Magari ya safari tano hayapatikani, na ligi nyingi za mashambani hufa kwa sababu ya nauli kabla hazijafa kwa sababu nyingine.

MSTARI WA MWISHO

Ugomvi wa mbio za nyika hauzuki njiani. Huzuka penye mstari wa mwisho, wakati watu kumi wamefika kwa dakika moja na kila mmoja anasema alikuwa mbele ya mwenzake. Dawa yake ni uchochoro wa kamba. Baada ya mstari, pigeni vigingi na kamba mbili zinazokaribiana mpaka ibaki nafasi ya mtu mmoja. Mkimbiaji akiisha kuvuka mstari huingia humo, wala haruhusiwi kumpita aliye mbele yake. Mwishoni mwa uchochoro asimame mtu mwenye kadi zilizoandikwa namba 1, 2, 3 na kuendelea, ampe kila apitaye kadi moja. Mkimbiaji huipeleka kadi hiyo kwa nahodha wake, nahodha huzipanga na kuandika majina, na karani hujumlisha.

Mwingine ashike saa na kusoma wakati kwa sauti, na mwenziwe aandike. Mwingine tena aandike namba za vifuani kwa mpangilio wa kufika, ili kadi ikipotea, daftari liseme. Watu hawa watatu wasiwe wa kundi moja. Katika mashindano makubwa siku hizi mitambo hufanya kazi hii, lakini kadi za karatasi zimetumika kwa miaka mingi na zingali zinatumika.

Jambo la umri halina budi kusemwa wazi. Chini ya miaka 20 maana yake ni mtu ambaye hatatimiza miaka 20 mpaka 31 Desemba ya mwaka huo wa mashindano. Cheti cha kuzaliwa kionyeshwe mwanzo wa msimu, mara moja, kwa wote. Mtu wa miaka 24 akimbiaye na watoto huchukua nafasi ya kwanza ya mtoto fulani, na pia huwasukuma wote walio nyuma yake nafasi moja moja, na kama tulivyoona, nafasi moja yaweza kuwa kikombe. Kuhusu dawa za kuongeza nguvu, Kenya ina sheria yake tangu 2016 na shirika la kuzipiga vita, na kijana aanze kuambiwa habari hizo akiwa katika ligi ndogo, kabla hajakutana na mtu wa kumdanganya katika kubwa.

Huenda mzazi atauliza ni nani atakayechunga mbuzi Jumamosi hiyo. Swali hilo ni la haki, nasi hatuna jibu ila hili: ni Jumamosi tatu au nne katika mwaka, mbio huisha kabla ya saa tatu asubuhi, na kalenda yapasa kumfikia mzazi mwezi mmoja mbele, ili apange. Mwalimu anayepeleka habari Ijumaa jioni asishangae akikosa mtu wake wa nne.

Mkutano ukiisha, wenyeji hung'oa vigingi, hukunja kamba na kuirudisha ardhi kwa mwenyewe kama ilivyokuwa. Karani huandika jedwali nakala mbili, moja ya daftari na moja ya kubandikwa ukutani mwa shule au duka ambako watu hupita, naye aandike majina ya wote waliofika, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Malalamiko yapokewe mpaka Jumatatu jioni, kwa maandishi. Baada ya hapo jedwali halibadilishwi.